Pepo Anayejua Ratiba ya Nyumba



Leo sitaandika ibada ya asubuhi kama kawaida. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe nimeuokota kwenye kundi letu la vijana. Juma lililopita kijana mmoja wa idara ya vyombo aliandika kwamba amemaliza kutazama Twin Peaks, ile tamthilia ya upelelezi ya Marekani, na kwamba hakulala usiku ule. Kufikia adhuhuri jumbe zilikuwa zimepita mia. Mama zetu wa maombi waliingia mbio wakiwa na mafuta mkononi: mapazia mekundu, bundi, sakafu ya mistari iliyopindapinda, watu wanaozungumza kinyumenyume. Wakasema hizo ni alama za kuzimu, futa, kemea, funga simu.

Hayo hayakunisumbua. Mama zetu ni walinzi, na mlinzi akibwekea kivuli simlaumu.

Kilichonisumbua ni ndugu mmoja mtu mzima, anayejua Maandiko, aliyeandika hivi (nayaweka kwa maneno yangu): mnaona sasa, hata wazungu wamelielewa jambo hili. Si baba aliyemuua yule binti, ni pepo. Baba mwenyewe alikuwa mateka, alihitaji maombi na si pingu. Chini ya ujumbe huo nilihesabu amina 17.

Nikazima simu. Nikaiwasha tena. Mke wangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia bado sijui.

Basi nisikilize vizuri, wewe uliyeweka amina, na hata wewe uliyepita kimya.

Kwanza nikiri kwamba tamthilia hiyo nimeitazama yote. Ile ya zamani ina vipindi 30, na ile iliyorudi 2017 ina vipindi 18, na kati yake kuna filamu moja ya 1992. Sikutumi ukaitazame. Ina mambo mazito, na usiiwashe watoto wakiwa sebuleni. Lakini siwezi kujibu jambo nisilolijua, na kama ulikuwa na mpango wa kuitazama, samahani, nitakuharibia utamu.

Ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Aprili 1990 kwenye kituo cha ABC, kazi ya Mark Frost na David Lynch. Msichana wa miaka 17, Laura Palmer, anakutwa ufukweni asubuhi, amekufa, amefungwa kwenye plastiki. Mji mzima unalia. Alikuwa malkia wa sherehe za shule, alipeleka chakula kwa wazee waliofungiwa majumbani na maradhi, alimfundisha kijana mmoja mwenye ulemavu wa akili. FBI inamtuma mpelelezi, Dale Cooper, mtu msafi, anayependa kahawa nyeusi na keki za matunda. Kila mlango anaoufungua, nyuma ya mtu unayemwona anakuta mtu mwingine. Laura mwenyewe alikuwa anavuta kokeni na alipita kwenye danguro ng'ambo ya mpaka, upande wa Kanada. Alikuwa na mpenzi wa mchana na mpenzi wa siri. Alikuwa na shajara mbili: moja ya kuonekana, na nyingine aliyoificha kwa kijana mmoja asiyetoka nje ya nyumba yake. Tajiri mwenye hoteli kubwa ya mji ndiye mwenye danguro. Waume wana wake wa pembeni, wake wana mipango ya kuua. Hata maiti ina pacha: binamu yake Laura, Maddy, anaigizwa na mwanamke yuleyule, Sheryl Lee, ambaye mwanzoni aliajiriwa alale tu kama maiti. Watengenezaji wakampenda, wakamtungia mtu wa pili apate kuzungumza.

Mpaka hapo sina neno. Kibao cha kuingilia mji huo kinasema wakazi ni 51,201, lakini ungeweza kukisimika mlangoni mwa kanisa lolote, pamoja na letu. Yesu alipowaambia Mafarisayo habari ya makaburi yaliyopakwa chokaa alikuwa anazungumza habari hiyohiyo. Nje pameng'aa, ndani pana mifupa. Mathayo 23, kasome.

Sasa tufike penye ugomvi. Msimu wa pili, Novemba 1990, siri inafunguka. Leland Palmer, wakili, baba yake Laura, anasimama mbele ya kioo cha sebuleni akifunga tai yake vizuri. Kioo hakimrudishii uso wake. Kinamrudishia uso wa mwanamume mwenye nywele ndefu za mvi na meno ya kicheko, anayeitwa BOB. Dakika chache baadaye anamuua Maddy, binti wa ndugu, mle mle sebuleni.

Hapo nisimame kidogo kwa ajili ya mama zetu wa maombi. Huyo BOB mnayeogopa hata kulitamka jina lake aliigizwa na Frank Silva, na Frank Silva hakuwa mwigizaji pale. Alikuwa fundi wa kupanga samani za jukwaani. Siku moja kamera ilimnasa kwenye kioo kwa bahati mbaya. Badala ya kurudia picha, Lynch akasema abaki. Kwa hiyo pepo wa Twin Peaks alizaliwa mtu wa kubeba viti alipokosea pa kusimama. Mnaweza kupumua.

Sasa swali la kweli. Kwa nini Laura alimwita BOB?

Katika filamu ile ya 1992 tunaambiwa alianza kuteswa akiwa na miaka 12. Mtu anakuja usiku. Na binti akampa mtu huyo jina na sura ya mgeni, ya mtu aingiaye dirishani. Kwa nini? Kwa sababu neno la kweli lilikuwa "baba," na mtoto wa miaka 12 hawezi kulibeba neno hilo mpaka mezani kwenye chai ya asubuhi, akaketi nalo, akapitishiwa sukari na mkono uleule. Kwa hiyo akatengeneza pepo. Akili ya mtoto ilimgawa baba yake vipande viwili ili apate kipande kimoja cha kupenda. Usiku mmoja katika filamu hiyo anauliza yule mtu ni nani, anauliza tena na tena, na uso wa BOB unaondoka, unabaki uso wa baba.

Usiniambie hayo ni ya wazungu. Nitakueleza la kwetu, na ninalieleza kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima na amesoma maneno haya kabla yako.

Mwaka nilioanza uchungaji nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia na moto mwingi. Mama mmoja akaniletea binti yake wa darasa la saba. Mtoto hali, halali, alama zimeshuka shuleni, anakojoa kitandani na ni mkubwa. Nikamuuliza ana nini. Akasema: usiku kuna kitu kinakuja. Kinanilalia. Siwezi kupiga kelele.

Nani hapa hajui jibu la kanisa? Jini mahaba. Mume wa rohoni. Nilikuwa na masomo mawili juu ya jambo hilo kwenye daftari langu, yenye Maandiko na vichwa vidogo. Tukafunga siku tatu. Tukamweka katikati, tukamzunguka, tukapaza sauti mpaka majirani wakatoka nje. Mtoto akaanguka, akalia, tukasema ametoka. Na aliyeshika chupa ya mafuta, aliyekuwa ananijibu "amina" kwa sauti kuliko wote, alikuwa baba yake.

Binti alinitazama alipoinuka. Nilidhani ni macho ya mtu aliyefunguliwa. Leo najua yalikuwa macho ya mtu aliyejaribu mlango wa mwisho akaukuta una kufuli.

Ilichukua miezi minane zaidi. Aliyeligundua jambo si nabii, wala si mimi. Ni mwalimu wake wa kike, ambaye sijui hata kama ameokoka. Alimketisha chini ya mti wakati wa mapumziko akamuuliza maswali ya kawaida kabisa. Hicho kitu kinakuja siku gani? Mama yuko wapi siku hizo? Kinanukia nini?

Mtoto akajibu: Ijumaa, mama akiwa kesha. Kinanuka sigara.

Kesha letu. Ijumaa yetu. Mimi ndiye nilikuwa namwita mama huyo aje kukesha.

Miezi minane, ndugu yangu wa amina 17. Nimeomba toba kwa Mungu na kwa huyo dada, na dada amenijibu kwa neema ambayo sikuistahili, lakini miezi minane haijarudi. Ndiyo maana sikuweza kuupita ujumbe wako.

Sasa rudi nami kwenye tamthilia, kwa sababu hapo ndipo watungaji wenyewe waliogopa. Leland anakamatwa. Yuko seli, BOB anampiga kichwa kwenye mlango, anakufa mikononi mwa Cooper huku maji ya kuzimia moto yanawamwagikia kutoka darini kama ubatizo. Kabla hajakata roho anasema kwamba alipokuwa mtoto alimwona huyo BOB katika ndoto, akamkaribisha, akaingia. Alipokuwa ndani hakujua, na alipotoka hakukumbuka. Cooper anamsindikiza kwa maneno ya upole mpaka kwenye nuru, na Leland anasema anamwona Laura. Muziki unapanda. Watazamaji wanafuta machozi. Mimi mwenyewe nililia, nisikudanganye.

Halafu nikakasirika. Nikajiuliza: nani aliyemsindikiza Laura mpaka kwenye nuru? Yeye alifungwa kwenye plastiki. Anayepata mikono ya kumshika na maneno ya upole kipindi kizima ni aliyeua.

Hata wao walihisi kuna kitu hakijakaa sawa, maana baadaye wanaume wanne wanasimama msituni wanabishana. Sherifu anasema hawezi kuamini habari ya pepo. Cooper anamgeuzia swali: je, ni rahisi zaidi kuamini kwamba mtu alimtendea hivyo binti yake mwenyewe? Sherifu anasema hapana. Na Albert, yule daktari wa FBI mwenye ulimi mkali, anatoa wazo kwamba labda BOB ni jina tu la uovu wanaoutenda wanadamu.

Sikiliza swali la Cooper tena. Hakuuliza lipi ni kweli, aliuliza lipi ni rahisi kuamini. Ndiyo maana zile amina zilikuja upesi. Pepo ni habari ya raha, mpendwa. Pepo hana mke kanisani. Hana fungu la kumi linaloandikwa kwenye bahasha. Hahitaji kuondolewa kwenye kamati ya ujenzi. Ukimkemea anatoka, na Jumapili tunaendelea na ratiba kama ilivyochapishwa.

Kuna mtu ataniambia: mchungaji, kwani siku hizi huamini mapepo? Naamini. Niliwakemea wiki hii hii, Jumanne, mashahidi wapo. Lakini nimesoma pia jinsi Biblia inavyowaeleza. Yule mtu wa Gerasi katika Marko 5 alikaa makaburini, alikata minyororo, alijikatakata kwa mawe, na hakuna aliyepita njia ile bila kujua hali yake. Hakuwa na uwezo wa kujificha. Sasa wewe unaniletea pepo anayesubiri taa zizimwe. Anayejua mama anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Anayenunua peremende kesho yake. Anayejua kutisha kwa sauti ya chini ili chumba cha pili wasisikie, na mgeni akibisha hodi anatoka kumkaribisha akitabasamu. Katika ile filamu Leland anampelekea mkewe maziwa usiku, anamhimiza ayanywe, ili alale fofofo. Pepo gani huyo anayechemsha maziwa? Anayepanga ni mtu. Anayeficha ni mtu anayejua kwamba anachofanya ni kibaya, maana asingejua asingeficha.

Ndugu yetu alinukuu pia Warumi 7, pale Paulo anaposema kwamba si yeye anayetenda bali ni dhambi iliyo ndani yake. Andiko hilo limekuwa kitambulisho cha kila mwenye nafsi mbili. Lakini soma mpaka mwisho wa sura. Paulo hasemi "basi mniache." Analia. Anajiita maskini. Anaomba kuokolewa kutoka kwa mwili wake mwenyewe, na hamtaji pepo hata mara moja. Na Paulo huyohuyo, Korintho walipomletea habari ya mtu aliyekuwa na mke wa baba yake, dhambi ya ndani ya nyumba, hakutuma timu ya ukombozi. Alisema aondolewe kati yenu. Aliwagombeza kanisa zima kwa kujivuna huku jambo hilo likiwa katikati yao. 1 Wakorintho 5. Mbona andiko hilo hatuliweki kwenye kundi?

Au chukua Anania na Safira. Matendo 5. Petro anamuuliza Anania kwa nini Shetani ameujaza moyo wake. Umesikia? Shetani yumo. Ukiishia hapo utasema maskini Anania, mateka. Lakini mstari unaofuata Petro anamuuliza kwa nini yeye, Anania, amelipanga jambo hilo moyoni mwake. Moyo ni uleule, kosa ni lilelile, Shetani ametajwa, na bado deni ni la Anania. Yuda vilevile: Luka anasema Shetani alimwingia, lakini Yohana anatuambia alikuwa mwizi wa mfuko tangu zamani, na Yesu alimtangazia ole kama mtu anayewajibika. Pale Edeni nyoka alilaaniwa, na Hawa naye hakuachiwa, na Adamu ambaye alijaribu kumsukumia mkewe lawama aliambiwa arudi kulima kwa jasho. Mungu hajawahi kukubali utetezi wa "shetani alinipitia." Tumeukubali sisi.

Kuna mtu mmoja katika Twin Peaks ambaye watazamaji wengi wanamsahau. Ni muuza viatu mwenye mkono mmoja. Ndani yake kuna roho iitwayo MIKE, aliyekuwa mwenzake BOB katika uovu. Huyo anasema aliuona uso wa Mungu, na alipouona aliukata mkono wake wote wa kushoto kwa sababu ulikuwa na alama ya maisha yale. Sitafanya theolojia kutokana na muuza viatu wa televisheni. Lakini nimekaa na wanaume wengi ofisini kwangu wakilia machozi ya toba, na wachache sana walikuwa tayari kukata chochote. Wanataka kusamehewa na mkono ukiwa palepale. Nikimwambia mtu, "Toba yako ianzie kituo cha polisi, nitakusindikiza mwenyewe," machozi hukauka hapohapo, na mara ananikumbusha habari ya mapepo.

Na sisi viongozi? Nisituruke. Mwisho wa ile tamthilia ya zamani, Juni 1991, Cooper yule msafi anaingia kwenye nyumba ya giza msituni. Hawk, naibu wa sherifu, alikuwa amemwonya kwamba mle kila mtu hukutana na kivuli chake, na asiye na ujasiri kamili huangamia. Cooper anamkuta Cooper mwingine mwenye macho meupe. Anakimbia. Anayetoka nje ni yule wa pili. Anaamka hotelini, anakwenda kupiga mswaki, anabamiza paji la uso kwenye kioo, na kwenye kioo anacheka BOB. Yule tuliyemwamini kuliko wote. Ile iliyorudi 2017 inatuonyesha kwamba pacha huyo alitembea duniani miaka 25 kwa uso uleule, akitenda mambo ya kutisha. Anapokamatwa na kuletwa mbele ya wakubwa zake, wanabaki na mashaka. Aliyemtambua bila shaka yoyote ni Diane, aliyekuwa katibu wake, ambaye huyo pacha alikuwa amemuumiza miaka mingi nyuma. Alimtazama machoni kupitia kioo cha gereza, akajua.

Hapo ndipo nilipoiheshimu kazi hii ya watu wasiomjua Mungu wetu, au labda wanamjua, sijui mimi. Mwenye jeraha ndiye anayejua. Tamari alijua, 2 Samweli 13. Daudi alisikia, akakasirika sana, halafu hakufanya kitu. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze, huyo ni nduguyo. Tamari akabaki amevunjika nyumbani mwa Absalomu, na Biblia haituambii tena habari zake. Mfalme mwenye moyo wa kumpendeza Mungu, mtunga zaburi, nabii akiwa karibu, na binti yake hakupata hata mtu wa kumuuliza ilikuwaje. Mara ngapi umesikia mahubiri juu ya Tamari? Mimi kwa miaka yangu yote ya kuhubiri nimehubiri mara mbili, na moja ni mwaka huu.

Kwa hiyo nawatangazia yale ambayo baraza la kanisa limekaa nayo. Wazee wawili hawakubaliani nami. Ni wazee ninaowaheshimu, na Jumatano tutaketi tena. Lakini haya nimeyatia sahihi kama mchungaji na hayasubiri Jumatano.

Mtoto akiletwa kuombewa, ataketi kwanza na mama mchungaji na dada mmoja muuguzi wa hapa kwetu, mlango wazi, mzazi hayupo, na ataulizwa maswali ya kawaida kama yale ya mwalimu. Hataangushwa chini. Hatazungukwa na watu wazima wanaopiga kelele. Hakuna tena somo la jini mahaba kwa watoto katika kanisa hili. Daftari langu nimelichoma nyuma ya jiko, na mke wangu ni shahidi.

Mtu akitajwa kwamba amemgusa mtoto, hashiki kipaza sauti, hashiki sadaka, hashiki mtoto wa mtu, siku hiyohiyo, hata kama ni mimi. Jambo linakwenda polisi. Haliletwi kwa wazee wa ukoo, halimalizwi kwa mbuzi wala kwa maombi ya siku saba. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 20, inasema baba anayemtendea hivyo binti yake aliye chini ya miaka 18 anaweza kufungwa maisha. Sheria hiyo haijaandika popote "isipokuwa kama alikuwa na pepo." Tutamwombea akiwa ndani. Nitakwenda kumwombea mwenyewe, kila mwezi, na mapepo yake kama yapo yatatoka hukohuko. Milango ya gereza haikumzuia Roho kwa Paulo na Sila.

Na wewe mama unayesoma hapa ukiwa umefunika simu kwa leso. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Mpeleke hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi zina muda wake. Daktari atamtibu na kuandika alichokiona. Polisi watakupa fomu ya P3. Piga 116 kwa habari ya mtoto, ni bure, na 1195 kwa dhuluma ya nyumbani, nayo bure. Kama unaogopa kwenda peke yako, nipigie mimi au mama mchungaji saa yoyote, hata saa nane za usiku. Hatutakuuliza kwanza kama una uhakika.

Kesha la Ijumaa hii halipo. Akina mama, mtakuwa nyumbani. Baada ya hapo tutakesha Jumamosi mchana, watoto wakiwa pamoja nasi kanisani, na wali utapikwa. Kijana wa idara ya vyombo, njoo tuzungumze, sijakukasirikia. Ndugu wa ujumbe ule, nawe njoo, chai ipo. Na wale 17, ile amina inaweza kufutwa. Unaibonyeza, inatoka.

Mchungaji wenu.